Kisigino cha Mlinzi Nacho Kina Haki

Wengi wetu tunaolinda milango ya maghorofa ya Dubai Marina twaijua hatua ya kwanza ya asubuhi: kisigino huchoma kama msumari. Tunasingizia kiyoyozi, tunameza vidonge, tunarudi kazini. Kumbe mara nyingi ni utando wa chini ya unyayo, uliochoshwa na kusimama muda mrefu juu ya marumaru kwa viatu vya soli nyembamba. Kunyoosha unyayo na shavu la mguu kila siku husaidia, na viatu vyenye soli nene pia. Lakini mguu usiopumzika hauponi. Sheria ya kazi ya Imarati ya mwaka 2021 hairuhusu zaidi ya saa 5 mfululizo bila mapumziko yasiyopungua saa 1 kwa jumla. Ndugu zetu, tuidai saa hiyo. Nanyi waajiri, kiti kimoja mlangoni hakipunguzi ulinzi.