MCHANGA WA MTO UACHWE MTONI

Huku kwetu Ukambani mto haupimwi kwa maji yanayoonekana. Kiangazi kikija, juu ni mchanga mkavu lakini chini maji yamo. Akina mama huchimba kisima kifupi, wakachota kikombe kwa kikombe hadi mtungi ukajaa. Mchanga ndio tangi letu, na jua haliyafikii maji yake. Sasa malori yakishauzoa mpaka mwamba ukachomoza, tutachota nini? Mawe?

Makueni waliliona jambo hili, wakatunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka wa 2015. Vyema. Lakini watu bado wanajenga, na zege lazima lipate chembe ndogo za kujaza nafasi baina ya kokoto. Mimi nasema chembe hizo zitoke kwa vumbi la mawe, ile dasti inayobaki kwenye machimbo baada ya kokoto kupondwa.

Mafundi wengi hawaitaki. Mmoja aliniambia, "Kijana, hiyo inakunywa maji kama ngamia!" Hakudanganya. Chembe za mtoni zimesuguliwa na maji zikawa laini, ilhali za dasti zina pembe, tena zimechanganyika na unga mwingi. Basi fundi akiona zege ni gumu kukoroga, huongeza maji tu, likawa kama uji. Hapo ndipo nguvu inapopotea, kisha lawama anatupiwa dasti! Unga ukipunguzwa kwa chekeche na maji yakapimwa, pembe hizo hizo huishika saruji barabara. Anayeogopa aanze nusu kwa nusu. (Mchanga wa bahari msiniambie, chumvi yake hula vyuma, na kuuosha kunataka maji matamu ambayo hatuna.)

Najua vijana wanaopakia malori watanuna. Wana watoto wa kulisha, siwadharau. Lakini mto ukibaki mwamba, hata wao hawana cha kupakia.

Shule yetu inajenga maabara mpya, na rundo la mchanga wa mto liko pale nyuma ya bweni. Naiomba halmashauri ya shule iagize lori moja la dasti. Fundi atengeneze michemraba ya zege ya milimita 150, ikae majini siku 28, kisha ipelekwe kwenye mashine ya kupondea. Ikifaulu, sakafu na vijia vyote vijengwe kwa dasti, na lori la pili la mchanga lisije.