Mteja wa buti za pikipiki: muulize njia kabla ya saizi

Wafanyabiashara wenzangu, leo naongea na mnaouza viatu mtandaoni, hasa mlioanza kuingiza buti za pikipiki. Naona bidhaa hii watu wameanza kuikimbilia. Na naona posti zinafanana kama mapacha: picha ya buti nyeusi, chini yake imeandikwa "Buti kali, zinafaa safari ndefu, zinafaa rafu rodi, zinafaa mvua, saizi 40 mpaka 45, karibu inboksi." Buti moja, kazi zote.

Msimamo wangu ni huu: hakuna buti ya kazi zote, na muuzaji anayeuliza saizi kabla ya kuuliza njia anabahatisha na mguu wa mtu. Ukikosea kwenye raba, mteja atamgawia mdogo wake, maisha yanaendelea. Ukikosea kwenye buti ya pikipiki, inajulikana siku ile pikipiki imemlalia. Na kwa wateja wetu wengi mguu ndo ofisi. Bodaboda akivunjika kifundo cha mguu, nyumbani kwake hakuna anayepokea mshahara wa mwisho wa mwezi.

MASWALI MATATU KABLA YA BEI

Mteja akija na "boss, bei gani?", mjibu kwa heshima, kisha muulize haya:

1. Unapita njia gani zaidi, lami au vumbi na matope?
2. Pikipiki yako ni ipi?
3. Ukishuka kwenye pikipiki, unatembea sana au unakaa tu?

Meseji tatu tu, dakika mbili. Majibu yake ndo yanakwambia umpeleke kwenye mzigo upi.

MTU WA LAMI NA SAFARI NDEFU

Huyu anatoka Dar kwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 800. Ataiona joto ya Morogoro, atapanda Kitonga, atafika Makambako vidole vya miguu vimekufa ganzi. Mvua inaweza kumkuta popote. Anachohitaji ni buti inayofunika kifundo na sehemu ya ugoko, iwe na utando wa kuzuia maji ndani (Gore-Tex ndio jina linalojulikana zaidi, ila zipo nyingine), soli ya mpira inayoshika kwenye lami iliyolowa, na ulaini wa kutosha kukaa nayo siku nzima na kushuka kula bila kutembea kama roboti. Zipu na velkro zinamtosha. Angalia tu kama nyuma ya zipu kuna kipande kinachoziba maji, maana bila hicho maji yanapita kwenye meno ya zipu hata kama ngozi ni nzuri.

MTU WA RAFU RODI

Huyu ni bwana shamba mwenye Yamaha AG100, mhudumu wa afya anayezungukia vijiji, au kijana anayependa kupanda milima ya Usambara kujifurahisha. Huyu haanguki kwa spidi kubwa kama wa lami, ila anaanguka mara nyingi. Jiwe linampiga ugokoni, mguu unabanwa kati ya pikipiki na ardhi, anaweka mguu chini kwenye matope na kifundo kinapinda. Anahitaji buti ngumu: inayopanda hadi karibu na goti, yenye plastiki ngumu mbele na pembeni, klipu za kubana tatu au nne, na soli ambayo huwezi kuikunja kirahisi kwa mikono.

Ugumu huo una gharama zake, na mteja azijue kabla hajalipa. Buti hizi ni nzito. Zikiwa mpya zinabana, zinahitaji muda wa kuzoea. Kutembea nazo ni kazi. Tena angalia soli: zile za mashindano ya motokrosi huwa soli yake ni kama tambarare, ili mguu uteleze kirahisi juu ya kikanyagio. Mtu anayeshuka kusukuma pikipiki kwenye matope ya masika anahitaji soli yenye meno.

Na hapa kuna kitu wauzaji wengi hawakijui. Utando wa kuzuia maji, ambao kwa mtu wa lami ni sifa, kwa anayevuka mito unaweza kuwa kero. Maji yakiingia kwa juu, ule ule utando unaoyazuia kuingia ndo unaoyazuia kutoka. Mteja anabeba ndoo mbili miguuni. Ndio maana buti nyingi za rafu rodi hazina utando kabisa. Kwa hiyo ukiandika "haipitishi maji" kama sifa ya kila mtu, kuna mteja unamharibia.

MTU WA KATIKATI

Wapo wanaochanganya, nusu lami, nusu vumbi. Kwa hawa zinatengenezwa buti za kati: ndefu kiasi, klipu mbili au tatu, kinga ya kifundo, soli yenye meno, na zinatembeleka. Ni buti nzuri na mimi nadhani ndizo zinazowafaa watu wengi wa mikoani. Ila mwambie ukweli: kwenye mawe haifikii ile ngumu, na kwenye lami haifikii ile laini kwa raha. Ukimwambia hivyo hatakukimbia. Atakuona unajua kazi.

SWALI LA PIKIPIKI LINAFANYA NINI HAPO?

Pikipiki nyingi za boda zina gia ya kukanyaga kwa vidole mbele na kisigino nyuma. Buti nene ya motokrosi kwenye gia ya namna hiyo inaweza kusumbua: mvaaji hasikii vizuri kama gia imeingia. Mwenye pikipiki ya kupandisha gia kwa vidole anaweza kunyanyua pedali kidogo akaendelea. Mweleze kabla ya kutuma mzigo, asije akakwambia buti ni mbovu kumbe ni pikipiki na buti havijakubaliana.

SOMA LEBO, ACHA KUSOMA NEMBO

Nembo kubwa ubavuni inaigizwa kirahisi. Fungua buti, tafuta lebo ya ndani. Buti zilizopimwa kwa kiwango cha Ulaya cha mwendesha pikipiki zina alama ya CE, mchoro mdogo wa pikipiki, na maandishi EN 13634. Kwenye toleo la 2017 kuna namba nne, kila moja ni 1 au 2, na 2 ndo ya juu. Ya kwanza ni urefu wa buti. Ya pili ni kuhimili kusuguliwa barabarani. Ya tatu ni kuhimili kukatwa. Ya nne ni kuhimili kubonyezwa kwa pembeni, yaani pikipiki ikikulalia. Ukiona na herufi, WR maana yake inazuia maji, IPA ni kinga ya kifundo, IPS ni kinga ya ugoko.

Lebo inaweza kuigizwa pia, sikatai. Ila ukiijua unaweza kuulinganisha mwili wa buti na kinachoandikwa. Kama lebo inasema 2 kwenye namba ya nne halafu buti unaikunja kwa pembeni kama chapati, unajua umeshika nini.

Sasa zile buti za sefti zinazojaa kwenye mitumba. Zikiwa na maandishi EN ISO 20345, hizo ni za kiwandani na kwenye ujenzi. Chuma cha mbele kimepimwa kulinda vidole visipondwe na kitu kinachodondoka. Kifundo kupinda na ugoko kupigwa ni habari nyingine, hazikutengenezwa kwa hayo. Kuziuza si kosa. Ni bora kuliko kandambili, hilo halina ubishi. Kosa ni kuziita buti za pikipiki. Andika "buti za sefti", weka bei yake, mteja achague akijua. Gambuti nazo hivyo hivyo: zinazuia maji, lakini kifundo hazikishiki, na zikigusa ekzosi ya moto zinayeyuka.

MITUMBA: KAGUA SOLI KULIKO NGOZI

Hapa ndo pesa inapopotea, sikiliza vizuri. Buti nyingi zina soli au tabaka la katikati la poliyurethani. Malighafi hii inaoza kwa unyevu wa hewani, hata kama buti imekaa kwenye boksi bila kuvaliwa. Joto na unyevu wa pwani vinaiharakisha. Unapata buti ngozi inang'aa, unaituma Tanga, wiki ya pili soli imebaki barabarani vipande vipande.

Kabla ya kununua, bonyeza ukucha kwenye soli na kwenye maungio yake. Ikinata, ikitoa unga au ikiacha nyufa, rudisha. Ikunje mara kumi ukisikiliza. Hesabu klipu zote na uzifunge zote, maana klipu moja ikikosekana kuipata mtaani ni kazi. Kwa zile zinazodaiwa kuzuia maji, weka gazeti kavu ndani, simamisha buti kwenye beseni maji yafike chini ya zipu, subiri nusu saa. Gazeti litakwambia ukweli ambao aliyekuuzia hakukwambia.

SAIZI KWA SENTIMITA

Namba za Ulaya, Uingereza na Marekani hazifanani, na kila kampuni ina umbo lake. Usikubali jibu la "navaa 42" peke yake. Mwambie mteja akanyage karatasi jioni, wakati mguu umeshavimba kidogo, akiwa amevaa soksi nene atakayoendeshea, achore, apime kisigino hadi kidole kirefu, akutumie picha. Wewe toa soli ya ndani ya buti, ipime kwa rula, piga picha. Kwa buti ndefu, omba pia mzunguko wa ndama ya mguu. Wengi wanasahau hilo, halafu buti inaingia mguu ila klipu ya juu haifungi.

"LAKINI MTEJA ANATAKA BEI RAHISI TU"

Najua mtasema hivyo, na mna haki. Mteja akiona maswali mengi anaweza kuhamia kwa anayejibu "ipo boss, tuma hela". Utapoteza wachache. Lakini piga hesabu. Tuseme faida yako kwa buti ni 20,000. Mteja wa Njombe karudisha kwa sababu haikumfaa. Umelipa basi kutuma, umelipa kurudisha, umelipa kutuma nyingine. Faida imeisha na bando lako bado hujalihesabu. Hapo ni kama ni mstaarabu. Asiye mstaarabu anaposti picha yako kwenye magrupu ya bodaboda, na yale magrupu habari inasafiri kuliko tangazo la kulipia.

Na mwenye bajeti ndogo usimdharau wala usimdanganye. Mwambie: "Kaka, kwa hela hiyo napata ya sefti, italinda vidole, kifundo haitakilinda sana. Ukijichanga kidogo nakutafutia ya kati." Wengine watachukua ya sefti. Wengine watasubiri. Wote watajua duka lako halisemi uongo, na kwenye biashara ambayo mteja hashiki mzigo kabla ya kulipa, hicho ndo kitu pekee unachomuuzia kwanza.

Kwa hiyo leo ingia kwenye posti zako. Palipoandikwa "zinafaa kazi zote", futa. Andika buti ni ya njia gani, andika na kile isichoweza. Piga picha ya lebo, soli na klipu, sio ubavu peke yake. Kama unauza na hujui mzigo wako uko kundi lipi, weka picha ya lebo na soli hapo chini tuusome pamoja. Na mtumie mwenzako anayeuza viatu, kabla hajaagiza mzigo mwingine.