Mpaka Usioonekana



Hapa Visiga hatuna bahari. Tunayo barabara ya Morogoro, na samaki wetu hutufikia kwa njia hiyo. Kwaresima ikifika twamlaumu mchuuzi bure: "Mbona samaki wadogo hivi, na bei kubwa hivi?" Juma hili tumfuate samaki huyo mpaka kwao.

Twende Mafia, kisiwa cha mkoa wetu huu huu wa Pwani. Mwaka 1994 ilitungwa sheria ya hifadhi za bahari, na mwaka 1995 ikatengwa huko Mafia hifadhi ya kwanza ya namna hiyo nchini, kilomita za mraba 822. Ndani yake mna vijiji. Mna sehemu ambazo haziruhusiwi kuvuliwa kabisa, na nyingine ambazo mwenyeji huvua kwa masharti.

Sababu yake si ngumu. Matumbawe ndiyo nyumba ya samaki. Atupaye baruti huua wakubwa kwa wachanga, na nyumba yenyewe huibomoa. Haijengeki tena ila kwa miaka mingi. Juya nalo likikokotwa juu ya mwamba huvunja na kuzoa hata vidagaa. Lakini samaki akiachwa akue mahali penye amani, hutaga mayai mengi mno, na uzao wake huenea mpaka nje ya mpaka, kwenye mitego ya wavuvi.

Basi kwa nini watu wagombane? Wenyeji wengi wa Mafia waliipokea hifadhi kwa furaha, wakitumaini kwamba itawafukuza wavuvi wa baruti waliotoka nje. Baadaye masharti yakagusa nyavu zao wenyewe, na katika kisiwa cha Jibondo manung'uniko yakawa makubwa. Usiwaite wakaidi, msomaji. Jibondo ni mwamba, shamba lao ni bahari. Mtu aliyezuiwa wavu wake leo hawezi kuwapa watoto samaki wa miaka kumi ijayo.

Lakini bahari isiyo na mpaka nayo haimfai maskini. Wala mpaka wa karatasi tu hautoshi. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya, karibu na Dar es Salaam, vilitengwa tangu mwaka 1975. Ulinzi ukakosekana kwa miaka mingi, na baruti ikaendelea kulia.

Huko Kuruwitu, pwani ya Kilifi nchini Kenya, wavuvi walifanya vingine. Walipoona mitego inarudi mitupu, wao wenyewe walikaa kikao, na mwaka 2005 wakakubaliana kufunga kipande cha bahari yao. Hawakukubaliana wote mara moja, maana kufunga ni kufunga mkanda. Lakini samaki walirudi, na waliochora mpaka ndio waliokuwa walinzi wake.

Hapo ndipo penye neno langu. Hifadhi ni njema, lakini mpaka wa baharini hauna ukuta wala mawe; hukaa katika mioyo ya watu. Anayeombwa avumilie njaa aitwe kikaoni kabla mpaka haujachorwa, aonyeshwe hesabu ya ada za wageni, apewe na wavu halali mahali pa ule alionyang'anywa. Naye akishakubali, asimfiche jirani ye yote mwenye baruti, hata akiwa shemeji yake.

Nasi tusijione wema kwa kuwa tu mbali na maji. Wenzetu wa Kisarawe wanajua habari za misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, na magunia ya mkaa yapitayo usiku. Ni kesi ile ile. Na mnunuzi wa samaki wa baruti, mwenye nyama iliyolegea na mifupa iliyovunjika, naye ameshika utambi.

Juma hili, kabla ya kulipa, muulize mchuuzi wako: "Samaki huyu kavuliwaje?" Akisita, mrudishie.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.