Sheria Ikishapita, Bunge Huenda Wapi?

Kila mwanafunzi aliyesoma Historia na Serikali katika shule zetu za upili anaweza kuzitaja hatua za mswada bila kusitasita. Husomwa mara ya kwanza, husomwa mara ya pili na kujadiliwa, hupita mbele ya kamati, ripoti huletwa, husomwa mara ya tatu, kisha hupelekwa kwa Rais autie sahihi. Hapo kalamu huwekwa chini na mtahini hutoa alama zake. Mwanafunzi hubaki na picha ya kwamba sahihi ya Rais ndiyo tamati ya kazi ya Bunge. La kusikitisha ni kwamba wabunge wetu wengi nao wana picha iyo hiyo.

Katiba ya 2010 haisemi hivyo. Kifungu cha 95 kinalipa Bunge la Taifa, pamoja na kazi ya kutunga sheria, jukumu la kuvichunguza vyombo vya dola. Katika mambo ya haki, uchunguzi huo hauna budi kuanza na sheria zenyewe: zimewafanyia nini watu waliofika mahakamani kuzitumia? Atakayetaka jibu asilitafute Nairobi. Na apande gari hadi Kerugoya.

Tarehe 8 Agosti 2017 wananchi wa Kaunti ya Kirinyaga walimchagua gavana wao, na Anne Waiguru akatangazwa mshindi. Mpinzani wake, Martha Karua, alipeleka malalamiko katika Mahakama Kuu ya Kerugoya mwezi wa Septemba. Mwezi wa Novemba, kabla ya ushahidi kusikizwa, kesi hiyo ilitupwa nje kwa sababu ya kasoro za namna ilivyoandikwa. Karua alikata rufani. Mapema mwaka wa 2018 Mahakama ya Rufani huko Nyeri ikaamua kwamba kuitupa kesi lilikuwa kosa, ikaamuru irudishwe Kerugoya na kusikizwa. Ikasikizwa, na mwezi wa Juni 2018 mahakama ikaamua kuwa Waiguru alichaguliwa kihalali.

Lau mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika. Lakini shauri lilipofika Mahakama ya Juu, majaji walisema, mnamo Agosti 2019, kwamba Sheria ya Uchaguzi ya 2011, katika kifungu cha 75, inataka kesi ya namna hiyo isikizwe na kuamuliwa katika muda wa miezi sita tangu siku ilipowasilishwa. Miezi sita ilikuwa imekwisha. Kwa hivyo yote yaliyofanyika Kerugoya baada ya muda huo, mashahidi, hoja za mawakili na hukumu yenyewe, yalikuwa kama hayakufanyika. Karua akaenda Arusha. Novemba 2020 kitengo cha kwanza cha Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kikaamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki yake ya kusikizwa, na kikaagiza alipwe dola 25,000.

Sina nia ya kurudia kuhesabu kura za Kirinyaga. Jaji aliyesikiliza ushahidi alisema aliyetangazwa ndiye aliyeshinda, nami sina mizani nyingine. Shida yangu ni ya saa. Ikiwa sehemu kubwa ya miezi sita ilipotea kwa sababu mahakama ya chini ilikosea, na mahakama ya juu yake ikakiri kwamba ilikosea, ni nani anayepaswa kulipa deni la siku hizo? Kwa sheria ilivyoandikwa, analipa mlalamishi. Hilo si kosa la jaji. Jaji hupewa saa na Bunge, naye huisoma kama alivyopewa.

Ni haki tuseme pia kwamba saa hiyo ilitiwa kwa nia njema. Vijana wanaosoma makala haya huenda wasijue jinsi hali ilivyokuwa. Kabla ya Katiba mpya, kesi ya kupinga uchaguzi iliweza kuburutwa miaka na mikaka, hata mbunge anayelalamikiwa akakaribia kumaliza kipindi chake akiwa kitini. Nyingine hazikuvuka kizingiti. Kenneth Matiba wa Murang'a alipinga kuchaguliwa kwa Rais Moi mwaka wa 1992, na kesi yake ikatupwa kwa kuwa hakuitia sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Mkewe ndiye aliyemtilia sahihi, kwa kuwa Matiba alikuwa ameathiriwa na kiharusi kilichompata kizuizini. Mwai Kibaki, mbunge wa Othaya hapa Nyeri, alipinga uchaguzi wa 1997. Mwaka wa 1999 naye akaambiwa kesi haiwezi kusikizwa kwa kuwa hakumkabidhi Rais hati zake ana kwa ana, na kwamba kuzitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali hakukutosha. Hebu msomaji amfikirie mlalamishi akibisha hodi kwenye lango la Ikulu, bahasha mkononi, akiwaomba walinzi wamruhusu apite amshtaki mwenye nyumba!

Kutokana na machungu hayo ndipo Katiba ikaagiza, katika kifungu cha 159, kwamba haki itolewe bila kutukuza mno kanuni za utaratibu. Ndipo pia ukawekwa muda wa miezi sita. Kwa kesi za wabunge muda huo umo katika Katiba yenyewe, kifungu cha 105. Kwa kesi za magavana umo katika sheria ya kawaida. Mwalimu na aisisitize tofauti hii darasani, maana ndimo ulimo moyo wa jambo. Kilichoandikwa katika sheria ya kawaida Bunge linaweza kukirekebisha kwa wingi wa kawaida wa kura. Sentensi moja ingetosha, inayosema kwamba siku zilizopotea kwa kesi kutupwa kimakosa zisihesabiwe.

Sheria hiyo ya Uchaguzi ilitiwa sahihi tarehe 27 Agosti 2011, siku Katiba ilipotimiza mwaka mmoja. Katiba ilikuwa imeweka tarehe za mwisho, na Bunge la Kumi lilijikokota kwa miezi kisha likatimua mbio, miswada ikipita mmoja baada ya mwingine katika siku za mwisho za mwezi ule. Karua mwenyewe, mbunge wa Gichugu tangu 1992 hadi 2013 na Waziri wa Haki kutoka 2005 hadi alipojiuzulu Aprili 2009, alikuwa mmoja wa wabunge wa Bunge hilo. Silitaji hili kwa kumkejeli. Nalitaja kwa sababu laonyesha kwamba hata mwanasheria hodari, aliyeijua wizara kwa ndani, hawezi akiwa amekaa Bungeni kuona kila shimo ambalo maisha yatalichimba chini ya kifungu. Shimo huonekana mtu akishatumbukia, na kamati za Bunge zimewekwa zifike pale penye shimo baada ya hapo.

Haraka yetu si ya jana. Bunge la Sita, lililotokana na uchaguzi wa mlolongo wa 1988, lilibadilisha Katiba mwaka huo huo likawaondolea majaji ulinzi wa kazi zao. Likawapa polisi pia uwezo wa kumzuia kwa siku 14, badala ya saa 24, mtu anayeshukiwa kwa kosa lenye adhabu ya kifo. Askofu David Gitari, aliyekuwa akiukemea mlolongo akiwa huku Kirinyaga, nyumba yake ilivamiwa usiku Aprili 1989. Mwaka wa 1990 Bunge lile lile likawarudishia majaji ulinzi wao, na Desemba 1991 likafuta kifungu cha 2A kilichoharamisha vyama vingi. Watu walikuwa wale wale na viti vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni upepo kutoka juu.

Tungedhani kizazi cha Katiba mpya kimejifunza. Tarehe 18 Desemba 2014 sheria za usalama zilipitishwa katikati ya ngumi na vurugu, Naibu Spika akamwagiwa maji, na kesho yake sahihi ikatiwa. Februari 2015 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vinane. Kazi ambayo kamati ingeifanya kwa wiki mbili za utulivu ilibidi ifanywe na majaji, kwa gharama ya walalamishi.

Liko kosa la pili, nalo ni kimya. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji kumhukumu kifo kila anayepatikana na hatia ya kuua ni kinyume cha Katiba, na ikataka sheria ipangwe upya. Julai 2021 mahakama iyo hiyo ilibidi itoe maelekezo mengine kwa sababu majaji na mahakimu nchini walikuwa wakiitumia hukumu ile kila mmoja kwa njia yake. Huo ndio mchafuko unaozuka mahakama ikisema na Bunge likanyamaza.

Mfano ulio karibu zaidi na walimu ni Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, iliyotokana na mswada wa Njoki Ndung'u, aliyekuwa mbunge maalum. Sheria hiyo iliweka vifungo vya chini ambavyo hakimu hawezi kuvipunguza. Mwaka wa 2022 Mahakama ya Rufani huko Nyeri ilimpunguzia mfungwa mmoja kifungo cha miaka 20 hadi 15. Julai 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha miaka 20, ikieleza kwamba maadamu sheria ipo, mahakama haina ruhusa ya kushuka chini yake, na kwamba mwenye mamlaka ya kubadilisha vifungo hivyo ni Bunge.

Sitaki nieleweke vibaya. Anayemnajisi mtoto hastahili huruma yangu, na kabla ya 2006 waathiriwa walidharauliwa mno na sheria. Walakini mwalimu yeyote wa shule ya upili ajua kisa kingine: mvulana wa miaka 17 na msichana wa miaka 16 waliopendana, wazazi wakakasirika, na mvulana akasimamishwa kizimbani chini ya sheria ile ile iliyokusudiwa mzee mwovu. Je, ndivyo Bunge lilivyotaka mwaka 2006? Huenda ndivyo, huenda sivyo. Kamati ya Haki na Sheria ina uwezo wa kuwaita mahakimu, waendesha mashtaka, maafisa wa watoto na walimu wenyewe, ikawauliza, kisha ikaandika ripoti. Majaji wamekwisha kuirudisha kalamu mezani kwa Bunge.

Wala Bunge haliwezi kusema halina habari. Sheria ya Huduma za Mahakama ya 2011 inamtaka Jaji Mkuu atoe kila mwaka ripoti kuhusu hali ya Mahakama na utoaji wa haki, na nakala hupelekwa Bungeni zijadiliwe. Mbunge anayeisoma kwa makini ataikuta humo hali ya mahakama za nyumbani kwake. Mjadala wa kweli juu ya ripoti hiyo ungenifurahisha kuliko harambee kumi, ingawa nakiri kwamba hauleti makofi mengi sokoni Kutus au Kagio.

Kwa walimu wenzangu nina pendekezo dogo. Mkifika kwenye hatua za mswada, chukueni kifungu cha 75 cha Sheria ya Uchaguzi mkiweke ubaoni, kando yake mwandike tarehe za kesi ya Kerugoya kuanzia Septemba 2017 hadi Agosti 2019. Waambieni wanafunzi waandike marekebisho kwa Kiswahili sanifu, sentensi moja isiyoacha mwanya kwa mtu mwenye nia ya kuchelewesha kesi makusudi. Wataona ugumu wake mara moja, kwani kila neno watakaloongeza litafungua mlango mwingine. Watakapokubaliana, wasiitupe karatasi. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni ili sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe, na hakikutaja umri wala cheti. Ombi huandikwa, hutiwa sahihi, na hupelekwa kwa Karani wa Bunge, Nairobi.