Geti la Shamba Lisilokuwa na Ng'ombe



Neno linalonikera siku hizi ni neno "shamba". Sisemi shamba la minazi wala la mahindi. Nasema lile linaloandikwa katika maombi ya vibali vya ujenzi yanayopelekwa kwenye halmashauri za huku tunakoishi: "geti jipya la kuingilia shambani". Ukilisoma hivyo unamwona mzee wa Kiingereza na buti zake za mpira, anatafuta pa kupitishia trekta. Sasa fungua michoro iliyoambatishwa. Unakuta nguzo mbili za matofali zenye kimo cha mita mbili na nusu, kuta zilizopinda kushoto na kulia kama mikono ya kiti cha mfalme, geti la chuma linalojifungua kwa umeme, taa, kamera, na kijisanduku cha kubonyeza namba. Jamani, ng'ombe gani huyo anayebonyeza namba?

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiwepo wa kupoteza muda. Mageti ya namna hii katika ardhi iliyohifadhiwa yakataliwe, na sisi Waswahili tunaoishi huku tuna haki na tuna sababu ya kuwaandikia wenye kutoa vibali wayakatae. Najua jibu litakalonirudia, maana nimeshalisikia harusini na hata msibani, tena kutoka kwa watu wazima wenye heshima zao: "Mtu na shamba lake, wewe yakuhusu nini?"

Yanihusu, na yakuhusu na wewe. Tangu tarehe 1 Julai 1948, ilipoanza kufanya kazi Sheria ya Mipango ya Mji na Shamba ya 1947, mwenye ardhi katika nchi hii ana ardhi yake, lakini haki ya kuijenga hana mpaka apewe kibali na umma. (Kwetu mwenye kazi hii tunamwita afisa wa mipango miji. Huku hata zizi lina mipango yake.) Nazungumzia England, kwani Scotland na Wales zina taratibu zao. Na wala sheria hiyo haina roho mbaya. Geti au ukuta usiozidi mita moja kando ya barabara ya magari, au mita mbili kwengineko, kwa kawaida hauhitaji kuombewa. Mkulima akitoa geti bovu akatia jipya kwa kimo kile kile, hasumbuliwi na mtu. Kibali kinatakiwa pale unapopita vimo hivyo, au unapotaka kutoboa njia mpya ya kutokea kwenye barabara kubwa, zile zenye daraja la A, B au C. Kwa maneno mengine, anayeomba kibali cha geti mara nyingi ni mtu ambaye geti la kawaida halikumtosha.

Ardhi iliyohifadhiwa nayo ni ipi? Iko ya aina nyingi, lakini mbili ndizo zinazotugusa. Kwanza ni Ukanda wa Kijani, ule unaoizunguka London na Birmingham na miji mingine ili isitambae na kumezana. Unachukua kiasi cha asilimia 12.5 ya England yote. Pili ni yale maeneo ya uzuri wa asili yaliyoanzishwa kwa sheria ya 1949, ambayo tangu Novemba 2023 yamepewa jina jipya, Mandhari ya Taifa. Milima ya Chiltern ilitangazwa 1965, na wenzetu wa High Wycombe na Luton wanalala mlangoni pake. Wangapi kati yetu wamewahi kuipanda Jumapili moja?

Sasa sikilizeni kwa nini neno "shamba" ni dhahabu. Katika Ukanda wa Kijani ujenzi mpya huhesabiwa haufai, isipokuwa wa aina chache zilizotajwa. Mojawapo ya hizo chache ni majengo ya kilimo na misitu. Na kwa sheria hizi "jengo" si nyumba tu. Nguzo na ukuta vimo. Ukisema geti ni la kasri lako, itabidi uthibitishe kuwa una sababu za pekee mno, na kutaka kuonekana tajiri si sababu ya pekee, ni maradhi ya wengi. Ukisema ni la shamba, mlango umeshafunguka nusu. Ndipo mtu mwenye farasi wawili wa mapambo na ekari chache za majani anapogeuka mkulima kwa usiku mmoja.

Wala si mchezo mpya. Kuna mkulima wa Salfords, Surrey, aliyejenga kasri zima nyuma ya marobota ya nyasi kavu, akaishi humo na familia yake, halafu 2006 akayaondoa marobota, akadai kuwa miaka minne imeshapita na sheria haimwezi tena. Mahakama Kuu ilimkatalia 2010, na 2016 kasri likabomolewa. Yule alificha kwa nyasi. Hawa wa mageti wanaficha kwa neno moja tu, na afisa mwenye mafaili mia mezani anapitisha. Wengine hawaombi hata hicho kibali. Wanajenga kwanza, wanaomba baadaye, na sheria inawaruhusu kuomba baadaye. Afadhali sasa, kwa ujenzi uliokamilika tangu tarehe 25 Aprili 2024, halmashauri ina miaka 10 ya kumfuata aliyejenga bila ruhusa, wala si minne kama zamani.

Mtaniambia, geti ni kitu kidogo, nchi nzima inaungua na wewe unalia na geti. Basi tuangalie geti linakula nini. Barabara nyingi za mashambani huku ni nyembamba na zimepakana na ua wa miti, miti ya miiba na matunda ya porini, baadhi yake mikongwe kuliko nyumba zote za kijiji. Humo mna ndege, mna popo wanaoufuata ua usiku kama reli, mna kalunguyeye. Ukitoboa njia mpya, afisa wa barabara ana haki kudai usalama. Anataka dereva anayetoka getini, macho yake yakiwa mita 2.4 kutoka ukingo wa barabara, aone mbali kushoto na kulia. Kwa barabara ya maili 60 kwa saa, kinachodaiwa mara nyingi ni mita 215 kila upande. Kama barabara haina ukingo mpana wa majani, kinachoziba macho ni ule ua, na ua ndio utakaofyekwa au kung'olewa. Fanyeni hesabu wenyewe: mita 430 zinaweza kuguswa kwa ajili ya uwazi wa mita nne.

Mkasema, lakini ua una sheria yake. Ndiyo, kuna kanuni za 1997. Anayetaka kuung'oa ua wa shambani lazima aiarifu halmashauri na asubiri siku 42. Lakini kanuni hizo hizo zina tundu: kama kung'oa huko ni kwa ajili ya ujenzi uliokwisha kupewa kibali, taarifa haihitajiki tena. Kwa hiyo siku kibali cha geti kinapotolewa, ndiyo siku ulinzi wa ua unapoondoka. Sisi tuna msemo wetu wa ufa na ukuta. Huku ufa wenyewe ndio unaoombwa, na ukuta unajengwa kando yake.

Hapa najua mjuzi mmoja atanikumbusha Unguja. Kwani si sisi Waswahili tulio mabingwa wa milango mikubwa? Mlango wa Mji Mkongwe, na nakshi zake na misumari ya shaba, haukuwa wa kuonyesha ukubwa wa mwenye nyumba? Ulikuwa, sikatai. Lakini angalieni kilichokuwa nje ya mlango ule: baraza la mawe. Mwenye nyumba alijionyesha, na papo hapo akampa mpita njia pa kukaa, pa kunywa kahawa, pa kumsengenya yeye mwenyewe akipenda. Tena ulikuwa mjini, ukuta kwa ukuta na jirani. Haukupandwa katikati ya bonde ambalo uzuri wake wote ni kuwa halina kitu. Na sisi tunaolalamika milango ile inapong'olewa na kuuzwa, katika mji ulioingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, tunajua vyema kuwa mali ya mtu mmoja inaweza kuwa sura ya watu wote. Kwa nini basi tukivuka bahari tunasahau?

Na mpita njia wa huku ana haki kubwa kuliko ya kukaa barazani. Mashamba ya England yamekatwakatwa na njia za miguu za umma, na njia hizo hazifi kwa sababu mwenye shamba amebadilika. Sheria ya Barabara ya 1980 inasema anayetaka kuweka geti jipya juu ya njia ya miguu aombe idhini, na sababu inayokubalika hapo ni kuzuia wanyama wasitoke au wasiingie. Someni tena. Sheria yenyewe inauliza ng'ombe yuko wapi. Basi kwa nini afisa wa mipango aone haya kuuliza swali hilo hilo?

Nije sasa kwenye hoja nzito, na huyu naomba nimjibu bila kejeli, maana ana uchungu wa haki. Ni yule anayesema: Ukanda wa Kijani ndio uliopandisha bei ya nyumba. Vijana wetu wa Slough na mashariki ya London wanalipa kodi ya chumba kimoja kwa mshahara wa nyumba nzima, familia zimelundikana, na kila zikipendekezwa nyumba hamsini pembezoni mwa mji watu wa vijijini wanakuja na mabango kuwa uwazi wa ardhi utaharibika. Leo wewe unatutaka tuulinde uwazi huo huo uliotufungia nje?

Ndugu yangu, sikutaki uulinde kwa mapenzi. Nakutaka uudai kwa usawa. Kama uwazi wa ardhi ni jambo zito kiasi cha kumnyima mtoto wako nyumba, basi ni zito kiasi cha kumnyima tajiri nguzo zake. Na kama si zito, nyumba zije kabla ya nguzo. Kinachouma ni kuona mizani moja ina mawe mawili, jiwe moja la mwenye wakala na msanifu wa kulipwa, jiwe jingine la asiye na wa kumsemea. Nyumba hamsini zingewapa watu makazi. Kuta zile zilizopinda hazimsitiri mtu yeyote, hata mvua haizizuii. Kila kibali cha aina hii kinachopita kimya kimya kinatumika kesho kama mfano: jirani alipewa, mbona mimi ninyimwe? Baada ya miaka barabara nzima ni mageti, na bonde lipo nyuma yake kwa wenye namba za siri.

Upande mmoja tu ninaukubali, nao ni wa wizi. Wakulima wa kweli wanaibiwa pikipiki za magurudumu manne na vifaa vya setilaiti vya kwenye matrekta. Wanamwagiwa magodoro na vifusi usiku, na gharama ya kuviondoa katika ardhi binafsi ni juu ya mwenye ardhi. Huyo apewe geti lake, tena haraka, asizungushwe. Lakini muulizeni anachotaka. Atakwambia geti la chuma la kawaida, lililorudishwa ndani ili trekta na tela lake visimame nje ya barabara, kufuli nzuri, na bawaba ya juu igeuzwe ili wezi wasilinyanyue geti zima. Hatataja taa juu ya nguzo. Na mwizi wa shambani akiona nguzo za matofali na kamera anajua nyuma yake kuna cha kuiba.

Kwa hiyo kazi iliyopo ni ya kalamu. Ukipita njiani ukaona karatasi ya tangazo imefungwa kwenye nguzo, isome, chukua namba ya maombi. Kwa kawaida una siku 21 za kutoa maoni. Hakuna atakayeomba pasipoti yako wala kuuliza umekuja mwaka gani. Jina na anwani vinatosha. Usiandike kuwa bei ya nyumba yako itashuka, wala kuwa mwombaji ni mtu wa majivuno, hayo hayahesabiwi. Andika juu ya uwazi wa ardhi, mandhari, ua, usalama wa barabara, njia ya miguu, na uulize waziwazi shamba hilo linazalisha nini na geti lililopo limeshindwa nini. Andika kwa adabu, kwani mwombaji naye anaweza kuisoma. Na usichelewe, kwa sababu akinyimwa yeye ana rufaa, lakini akipewa, sisi wa pembeni hatuna. Ukiona halmashauri inaelekea kukubali, omba angalau kibali kiwe na masharti: kimo kipungue, nguzo ziwe za mbao, taa zisiwepo, na ua mpya upandwe nyuma ya ule utakaong'olewa, wa miti ile ile ya miiba.