Kabla ya Kushika Msumeno



Leo napenda tutafakari jambo ambalo huenda likaonekana dogo mno kwa ukurasa huu: redio ya gari. Gari lenyewe ni Peugeot 404 iliyoegeshwa chini ya mwembe, nyuma ya nyumba ya ukoo wetu hapa Mutshatsha. Tuliachiwa na marehemu baba yangu mkubwa, aliyefanya kazi katika reli. Aina hiyo ya gari ilitokea mwaka 1960, na wazee wanaijua kwa ugumu wake: ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Hii yetu haishindani tena na yeyote. Humpeleka mama mkubwa Misa ya Jumapili, polepole, madirisha yakiwa wazi.

Mjukuu wake, kijana wa miaka ishirini anayefanya kazi Kolwezi, alikuja kututembelea akiwa na redio mpya aliyoiwekea akiba kwa miezi mingi. Ilikuwa na kioo cha kugusa, FM, Bluetooth na nafasi ya kuchomeka flashi. Fundi alikwisha kufika na msumeno wa chuma, kwa kuwa redio mpya haikuweza kuingia mahali pa ile ya zamani bila kukata dashibodi. Nilipowakuta, kijana aliniambia kwa heshima:

“Papa, redio hii ya zamani haisemi kitu. Mchana kutwa ni mikwaruzo tu. Nkambo anapenda nyimbo za kwaya yetu, nami nimemrekodia. Nikimwekea hii mpya, atazisikia njiani kote mpaka kanisani. Kuna ubaya gani?”

Swali hilo lilistahili jibu la haki, nami nililitafuta kwa siku kadhaa. Ndilo ninalowaletea leo.

Kwanza nikiri kwamba kijana alisema kweli. Redio ya zamani hupokea mawimbi ya kati na mawimbi mafupi peke yake. Vituo vingi tunavyovisikiliza leo huku Lualaba hutangaza kwa FM, na redio ile haina sikio la FM. Usiku, mawimbi ya kati yanaposafiri mbali kuliko mchana, huweza kunasa sauti mbili tatu za mbali, kisha zikapotea. Kumwambia kijana “usiguse, ndivyo ilivyokuwa” si hekima. Chombo kilichofanywa ili kiseme, kisha kikaachwa bubu kwa sababu tu ni cha zamani, hakijaheshimiwa. Sisi wazee huanguka mara nyingi katika kosa hilo: twafunga kabati na kuita kufuli urithi.

Tena, redio yenyewe ilipoingia ndani ya magari ilikuwa mgeni. Karibu mwaka 1930, huko Chicago, ndugu wawili wa ukoo wa Galvin walianza kuuza redio za magari kwa jina la Motorola, na mafundi walipaswa kuzipachika katika magari ambayo hayakutengenezewa redio. Kinachoitwa leo “cha asili” kilikuwa kipya siku moja. Kanisa nalo halikukimbia: tarehe 12 Februari 1931, Papa Pius XI alizindua Radio Vatikani, iliyojengwa na Guglielmo Marconi mwenyewe. Basi mtu asiwaambie, vijana, kwamba imani yetu huogopa vyombo vipya.

Hata hivyo nilimwomba fundi aweke msumeno chini.

Nilifanya hivyo kwa sababu mabadiliko ni ya namna mbili. Yako yanayofungwa kwa skrubu, na yako yanayofanywa kwa msumeno. Redio ya zamani imeshikwa na vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja kila upande, na katikati pana dirisha jembamba lenye namba za masafa. Redio za kisasa za kawaida huhitaji tundu la milimita 180 kwa 50, na zile za kioo kikubwa huhitaji mara mbili ya kimo hicho. Ili ziingie, bati la dashibodi lazima likatwe. Skrubu hufunguliwa kesho na vitu vikarudi mahali pake, lakini bati lililokatwa haliti tena. Redio mpya itaharibika baada ya miaka michache, kama vifaa vya namna yake vinavyoharibika, na ile itakayofuata huenda ikawa na umbo jingine. Tundu litabaki. Anayekata kwa ajili ya redio ya leo huwa amewaamulia na wajukuu wake, ambao hawajazaliwa na hawakuulizwa.

Haraka ina hatari nyingine ambayo wengi hawaioni. Katika magari mengi ya zamani spika ni moja, na mguu wake mmoja umeunganishwa na bodi ya gari. Redio ya kisasa haitaki hivyo: kila spika iwe na nyaya zake mbili zinazorudi kwenye redio, la sivyo huungua. Magari mengine ya zamani, kama Volkswagen nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, yana umeme wa volti 6, si 12. Baadhi ya magari ya Kiingereza yameunganisha upande chanya wa betri na bodi, kinyume cha desturi ya leo. Redio za sasa pia huwa na waya unaovuta umeme hata gari likiwa limezimwa, na ukiunganishwa vibaya betri itakutwa imekufa asubuhi. Fundi mwema hupima kwanza, huweka fyuzi, ndipo huunganisha. Yule wetu alikuwa ameshika msumeno kabla ya kufungua hata skrubu moja.

Lakini jambo kubwa zaidi halikuwa la waya. Nilimwuliza kijana kama amemtaka nkambo wake ruhusa. Akajibu, “Ndiyo, papa. Amesema tufanye tunavyotaka, yeye ni mzee.”

Vijana wapendwa, mzee anaposema “fanyeni mnavyotaka”, si kila mara ameruhusu. Mara nyingi amekata tamaa ya kuulizwa. Tulikwenda pamoja tukaketi naye, wala hatukuzungumza habari ya redio mpya. Tulimwuliza juu ya ile ya zamani. Akanyamaza kidogo, kisha akatusimulia mwezi wa Machi 1977, vita vilivyotoka upande wa Angola vilipokaribia Mutshatsha kwa kufuata njia ya reli. Usiku, yeye na mumewe waliketi ndani ya gari hilo wakiwa wamepunguza sauti, wakizungusha kitufe taratibu, wakitafuta kituo chochote cha mbali kitakachowaambia kama wakimbie au wabaki. Mji ulitekwa mwezi huo, ukarudishwa mwezi wa Aprili na jeshi la Zaire likisaidiwa na askari wa Moroko. Mjukuu wake hakuwa amewahi kusikia habari hiyo. Alikuwa amelipanda gari hilo tangu utoto wake.

Laiti tungalikata kwanza na kuuliza baadaye, tungaliuliza mbele ya tundu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 5, Bwana anatoa mfano wa mtu anayekata kiraka katika vazi jipya ili kushonea vazi kuukuu. Twapenda kuutumia mfano huo kusema kwamba la kale lipite. Lakini tazameni jinsi Luka anavyousimulia: hasara ni ya pande zote mbili, kwani jipya limechanwa na kuukuu halikupatana na kiraka. Na katika Mathayo, sura ya 13, mwanafunzi wa Ufalme anafananishwa na mwenye nyumba anayetoa katika hazina yake vitu vipya na vya kale. Anavitoa vyote viwili, kutoka hazina moja. Atakavyotoa vya kale kama alikwisha kuvikata?

Sisi watu wa ukanda wa shaba tunalijua jambo hili kuliko wengi. Mtaani Kasulo, Kolwezi, kuanzia mwaka 2014, ilipojulikana kwamba kuna madini chini ya nyumba, watu walichimba katika nyua zao, na wengine hata ndani ya sakafu zao. Siwahukumu: njaa ni mwalimu mkali, na wengi waliochimba walikuwa wakitafuta karo ya shule na dawa. Lakini shimo lililochimbwa chini ya kitanda halifungwi kwa skrubu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka katika nchi yetu, nayo huingia katika betri za simu zinazochezea nyimbo zetu. Ndiyo sababu kijana wa Lualaba apaswa kuwa wa kwanza kuuliza, kabla ya kila mkato: je, hili litaweza kurudishwa? Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitukemea kwa utamaduni wa kutupa. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha kututajia bei ya redio ile, kwa ajili ya shaba iliyomo ndani yake. Aliipima mkononi kama mtu apimaye kilo ya mihogo.

Basi tulifanya nini? Zilikuwako njia tatu. Ya kwanza, fundi hodari huweza kuacha uso na vitufe vya redio ya zamani, akabadilisha matumbo yake, ili ipokee FM na Bluetooth. Ni njia nzuri, ila fundi wa namna hiyo ni adimu na gharama yake ni kubwa. Ya pili ni kutafuta redio ya kisasa iliyotengenezwa kwa umbo la kale, yenye vitufe viwili. Hatukuipata. Ya tatu ni kuficha redio mpya mahali pengine, na hiyo ndiyo tuliyoichagua. Imewekwa ndani ya kisanduku kilicho mbele ya abiria, kwa kibao cha mbao kilichofungwa kwa skrubu. Spika mbili zimo ndani ya maboksi nyuma ya kiti, zikiwa na nyaya zake zenyewe. Ya zamani imebaki mahali pake, imesafishwa vumbi, na usiku huamka kidogo ikiguswa.

Njia hiyo ilikuwa na gharama, nami sitaficha. Redio ya kioo kikubwa haikuenea katika kisanduku. Kijana alilazimika kuirudisha Kolwezi na kuibadilisha kwa ndogo isiyo na kioo, akapoteza sehemu ya fedha yake. Hakufurahi, na kwa muda alinijibu kwa neno moja moja. Nami nilipoteza kitu: nilipenda gari libaki kimya kama lilivyokuwa siku za marehemu, na sasa linaimba. Jumapili iliyofuata mama mkubwa alisikia kwaya ya mjukuu wake kuanzia nyumbani hadi lango la parokia. Tulipofika alibaki kitini mpaka wimbo ulipokwisha, nasi tukamngoja.

Maoni yangu, kwa hiyo, ni haya. Badilisheni, vijana. Parokia zetu, familia zetu na vyama vyetu vina redio nyingi zisizosema kitu, nanyi ndio mnaosikia ukimya wake kabla yetu. Lakini badilisheni kwa skrubu kwanza. Msumeno na uje mwisho, baada ya kuuliza, baada ya kupima, na baada ya kumsikiliza yule aliyesema “fanyeni mnavyotaka”. Nanyi wazee wenzangu, tukiombwa nafasi ya jambo jipya, tutafute kisanduku cha kuliweka, tusijibu kwa kufuli.

Maswali ya kutafakari katika vikundi:

1. Ni jambo gani la kale katika kikundi chetu ambalo halisemi tena na mtu? Je, tumejaribu kulisafisha kabla ya kuliondoa?

2. Ni nani katika familia yangu aliyeniambia “fanyeni mnavyotaka”, nami sikurudi kumwuliza mara ya pili?

3. Uamuzi upi tunaoukabili sasa hauwezi kurudishwa, na ni nani watakaoishi na tundu lake?

Bwana atujalie mikono yenye kutengeneza na masikio yenye subira. Amina.