FAILI LAKO LA HOSPITALI, UFUNGUO ANAO NANI?

Kijana mwenzangu wa Manzese, wa Tandika, wa Mbagala na wewe wa Kirumba kule Mwanza, leo tuache kidogo habari za Simba na Yanga tuzungumze habari ya faili. Usishituke, si faili la polisi. Ni faili la hospitali, lile lenye jina lako, presha yako, majibu ya damu yako na yale maneno uliyomnong'oneza daktari mlango ukiwa umefungwa. Umewahi kujiuliza hilo faili ni mali ya nani?

Nauliza kwa sababu wakubwa wanatuambia zama za makabrasha zimekwisha, sasa kila kitu ni kompyuta. Zahanati ya mtaani kwako izungumze na Temeke, Temeke izungumze na Muhimbili, daktari abonyeze kitufe na historia yako yote imsimamie mbele ya macho. Maneno matamu hayo. Na mimi nasema bila kumung'unya: jambo lenyewe ni zuri, tena limechelewa. Anayelipinga hajawahi kuuguza. Ila nyumba nzuri isiyo na kitasa ni karibisho la wezi. Hebu tulitazame pande zote mbili, halafu uamue mwenyewe.

MGONJWA NDIYE TARISHI

Rufaa zetu ni ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa, na juu kabisa Muhimbili na wenzake. Ngazi imepangwa vizuri. Sasa niambie, anayebeba habari kutoka kidato kimoja hadi kingine ni nani? Ni wewe mgonjwa, na homa yako, na karatasi ya rufaa mkononi. Ikilowa mvua, basi. Ukiisahau kwenye daladala, basi. Ukifika juu unaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza: unaitwa nani, unaumwa wapi, ulishawahi kulazwa? Kipimo ulicholipia juzi unakilipia tena leo, na pesa inatoka mfuko ule ule uliotoboka.

Kurudi chini ndiko balaa zaidi. Hospitali kubwa inakuruhusu na kukwambia utaendelea na kliniki karibu na nyumbani. Unafika zahanati, tabibu anakutazama usoni. Hajui ulipasuliwa wapi, hajui uliongezewa damu au la. Anakuuliza wewe, "Walikupa dawa gani?" Unamjibu, "Vidonge vyeupe, vikubwa kidogo." Jamani, hiyo ni tiba au ni kitendawili?

Na sisi vijana ndio tunaoumia, kwa sababu hatutulii mahali pamoja. Leo uko Kariakoo na mitumba, keshokutwa uko Mererani au Mbeya kutafuta riziki. Dozi ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi sita. Ukiianza Dar es Salaam ukahama mwezi wa pili, mganga wa huko uendako atajuaje umefikia wapi? Ukiiacha njiani, vimelea vinazoea dawa, na hapo ugonjwa uliokuwa unapona unageuka ugonjwa sugu unaotaka dawa nyingine kali zaidi. Chukua tena dereva wa bodaboda aliyeangukia Ubungo saa nane usiku, hana fahamu. Mwili wake haupatani na penisilini. Habari hiyo imeandikwa katika daftari lililoko chini ya godoro chumbani kwake. Nani atakwenda kulifukua?

Kwa hiyo tusidanganyane. Kuunganisha mafaili kunaokoa maisha.

MIFUMO ISIYOSALIMIANA

Usikubali kuambiwa kwamba kikwazo ni ukosefu wa kompyuta. Kompyuta zipo. Tangu miaka ya 1990 nchi hii ina MTUHA, vile vitabu vikubwa vya kuhesabu wagonjwa. Vinahesabu vizuri: malaria wangapi, kuhara wangapi. Lakini havimfuati mgonjwa mmoja anakotoka na anakokwenda. Ikaja GoTHOMIS kwa vituo vya halmashauri. Hospitali kubwa nazo zina mifumo yao. Bima ya NHIF ina wake. Kliniki za VVU zina kanzidata yao. Hospitali za binafsi kila moja na lwake. Serikali yenyewe, katika Mkakati wa Afya Kidijitali wa 2019 hadi 2024, ilikubali kwamba mifumo mingi haisomani. Ni kama wapangaji wa nyumba moja ya Uswahilini wasiosalimiana, kila mtu na jiko lake, na mgonjwa anakimbia katikati na sufuria.

Ili isomane vinatakiwa vitu vitatu. Namba moja ya kumtambua mgonjwa popote aendapo. Lugha moja ya kuandikia, ili malaria ya Tandika isomeke malaria huko Bugando. Na barabara ya kupitishia habari, yenye umeme usiokatika kila jioni. Kwenye namba wengi wanataja namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Sawa. Na kijana ambaye hajaipata? Atibiwe kama mzimu? Swali hilo lijibiwe kabla mitambo haijawashwa.

MWENYE RUHUSA NDIYE ALIYEMWAGA

Sasa tugeuze shilingi. Faili la karatasi linasomwa na aliyeingia masjala. Faili la kompyuta lisipofungwa vizuri linasomwa na aliye popote: karani wa dirishani, fundi wa mtambo, mtu wa bima, shemeji yako anayefanya kazi hospitali ya pili.

Usiseme naongeza chumvi. Tazama Singapore, nchi tajiri na yenye nidhamu ya chuma, iliyoanza kuunganisha mafaili ya wagonjwa kitaifa mwaka 2011. Mwaka 2018 wezi wa mitandao waliingia katika kanzidata ya kundi kubwa la hospitali za umma wakachukua taarifa za watu milioni 1.5, Waziri Mkuu wao akiwamo. Januari 2019 likaja kubwa zaidi. Wizara ya Afya ya huko ilitangaza kwamba majina ya watu 14,200 wenye VVU yamewekwa hadharani mtandaoni. Huyu hakuvunja dirisha. Wizara ilieleza kwamba aliyeyamwaga alikuwa mpenzi wa daktari aliyekuwa na ruhusa halali ya kuingia katika orodha hiyo. Umeelewa hapo? Mlango ulifunguliwa kwa ufunguo wake.

Sasa lete jambo hilo mtaani kwetu. Sote tunajua wanaume ndio wagumu wa kwenda kupima. Tunajua na sababu: kijana anaogopa umbeya kuliko anavyoogopa ugonjwa. Ana wasiwasi kwamba akipima pale zahanati, jioni habari iko kijiweni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wala hawakukosea. Lakini wahenga hao hawakusema maradhi yako yatangazwe sokoni. Siku kijana atakapoamini kwamba jibu lake linasafiri kwenye waya bila mlinzi, hatakwenda kupima kabisa. Mtambo ulionunuliwa ili kuokoa watu utakuwa umewafukuza mlangoni.

Tumeshaonja uchungu wa siri kuvuja. Mmesahau wale wa mikopo ya simu waliokuwa wakiwatumia ndugu, wakwe na mabosi wenu ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa sugu? Mambo yalizidi hadi mwaka 2024 Benki Kuu ikatoa orodha ya programu za mikopo zisizo na leseni. Hilo lilikuwa deni tu. Ingekuwa ni jibu lako la damu je?

Na msomaji asiyealikwa anaweza kuwa serikali yenyewe. Kwa jirani zetu Kenya, Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza ikusanywe orodha ya watoto wa shule wenye VVU, pamoja na walezi wao. Nia ilielezwa kuwa njema. Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo hilo limevunja katiba, kwa kuwa mtoto akishaandikwa katika orodha ya namna hiyo siri yake imekwisha.

WENZETU WALIJIKWAA WAPI?

Waingereza, ambao kila mwananchi wao husajiliwa kwa daktari wa mtaani, walianza mwaka 2002 mradi mkubwa wa kuunganisha madaktari hao na mahospitali. Ulipangwa juu, ukashushwa chini kama amri. Mwaka 2011 serikali yao ikatangaza kuuvunja, na mabilioni ya pauni yalikuwa yameshateketea. Hawakujifunza. Mwaka 2013 wakaja na mpango mwingine wa kukusanya taarifa kutoka kwa madaktari wale wale. Januari 2014 wakasambaza vipeperushi majumbani, watu wengi wakasema hawakuviona. Februari ukasimamishwa, Julai 2016 ukafutwa. Kompyuta zao hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kumfanya mwenye faili awe wa mwisho kupata habari.

Kenya walitunga Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka 2023. Mtambo wa bima yao mpya ukanunuliwa kwa shilingi za Kenya bilioni 104.8. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu, iliyotoka mwaka 2025, ikasema mtambo huo si mali ya serikali. Yaani wananchi wanalipa, mwenye mali ni mwingine! Desemba mwaka huo huo serikali yao ikatia saini makubaliano ya afya na Marekani, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu iliyohusu kupeleka taarifa za wagonjwa nje ya nchi. Mwenzako akinyolewa, ndugu yangu, zako tia maji.

Aliyefaulu yupo? Yupo. Estonia, nchi ndogo ya watu wapatao milioni 1.3, ilianza mafaili ya pamoja mwaka 2008. Daktari wa mtaani na wa hospitali kubwa wanasoma faili moja. Lakini mgonjwa akifungua faili lake kwenye kompyuta yake anaona orodha: nani alilichungulia, tarehe gani. Daktari aliyechungulia bila sababu anaitwa kujieleza. Na mgonjwa akitaka kufunga ukurasa fulani usionekane, anaufunga. Huko mlinzi wa faili ni mwenyewe.

SHERIA IPO, DIRISHANI JE?

Usiambiwe Tanzania hatuna sheria. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya kila mtu. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kutoa siri ya majibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziita taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Bunge likapitisha pia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Bima ya wote maana yake ni mafaili ya wote. Hatuzungumzii wateja wachache wa hospitali za kishua. Tunazungumzia mama yako kule kijijini na wewe hapo kijiweni.

Sasa sheria iliyoko kabatini Dodoma inamsaidia nini mgonjwa aliyesimama dirishani? Hapo ndipo pa kubana, na madai yetu yawe haya.

Kwanza, kila mgonjwa aweze kujua nani amefungua faili lake na lini, kwa simu ya kitochi, bila kulazimika kuwa na simu ya laki tano. Pili, kila mtumishi aone kile tu kinachohusu kazi yake: karani aone jina na tarehe ya kurudi, majibu ya damu abaki nayo mganga. Tatu, mgonjwa awe na haki ya kufunga kurasa za siri, na ikitokea dharura daktari azifungue lakini mtambo uandike kwamba zimefunguliwa, na kwa nini. Nne, mikataba ya mitambo iwekwe hadharani: nani mwenye mali, taarifa zinalala nchi gani, tenda alipewa nani na kwa bei gani. Wenye ulaji wao hawatapenda swali hilo, na ndiyo maana tunaliuliza. Tano, asiye na namba asinyimwe tiba, na umeme ukikatika karatasi iwepo.

Watakwambia haya ni mambo ya wataalamu, wewe subiri utangaziwe. Usikubali. Mtaalamu anajua waya unapita wapi, lakini damu iliyoandikwa mle ni yako. Kwa hiyo siku utakapokwenda zahanati ukamkuta karani anabofya jina lako kwenye kompyuta, muulize kwa heshima: dada, au kaka, hili faili langu linasomwa na nani zaidi yako? Akijua, akujibu. Asipojua, mwombe umwone mganga mfawidhi. Naye asipojua, peleka swali kwa diwani wako, kisha kwa mbunge, na malalamiko rasmi yapeleke kwenye ile Tume. Wakiulizwa na mmoja watamwona mkorofi. Wakiulizwa na Manzese nzima watatafuta jibu.

Unganisheni mafaili, waheshimiwa, tena harakaharaka, watu wanakufa wakitafuta karatasi. Ufunguo mwachieni mgonjwa.